Jina la Bububu na mto wake: maji au gari la moshi?

Mkaazi wa Bondeni ameuliza:

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na ninaishi katika kiambo kidogo kando ya mto wa Bububu, hapa Unguja, upande wa juu wa barabara kuu, pahala ambapo mto unapita baina ya minazi na vipande vya mpunga kabla haujateremka pwani. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuwauliza wazee wa nyumbani kwao asili ya kijiji chetu. Walirejea na majibu yaliyonifurahisha na kunitia mashaka kwa pamoja. Kiasi cha nusu yao waliandika kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa gari la moshi lililokuwa likitoka mjini zama za Waingereza, na waliobaki waliandika kwamba ni mlio wa maji. Mtoto mmoja aliandika yote mawili, akaongeza kuwa bibi yake amemkataza kubishana na watu wazima. Nikampa alama kamili.

Swali langu la kwanza ni hilo la jina: je, kuna ushahidi wowote unaoweza kumaliza ubishi huu? Swali la pili ni gumu zaidi. Karibu kila kinachoandikwa kuhusu ukanda wetu, kuanzia Mtoni hadi Chuini na kupanda Kidichi na Kizimbani, kinahusu majumba ya wafalme na hamamu zao. Watu waliokuwa wakiishi kando ya mto, waliolima, waliofua na waliochota maji, historia yao nitaipata wapi, na nianze na nini, ikiwa nataka kuwaandikia watoto kijitabu kifupi kinachowahusu wao wenyewe?

---

Mjukuu wa Abiria amejibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu.

Mimi nimo katika kundi la gari la moshi, na sioni sababu ya kutoka. Babu yangu alilipanda gari hilo alipokuwa mtoto, na ndiye aliyetuhadithia kwamba likikaribia kituo cha mwisho lilikuwa likitoa mlio wa "bu, bu, bu", na kwamba watu wa mjini wakisema "twende Bububu" kwa kuuiga mlio huo. Njia ile ilifunguliwa mwaka 1905, ikajengwa na kampuni ya Kimarekani, na urefu wake ulikuwa kiasi cha maili saba kutoka ngomeni mjini hadi Bububu. Haya si mambo ya kubuni. Mtu aliyeyaona kwa macho yake anastahiki kusadikiwa kuliko sisi tunaokisia leo.

---

Msomaji wa Nyaraka amejibu:

Ndugu Mjukuu wa Abiria, babu yako, Mwenyezi Mungu amrehemu ikiwa ametangulia, hakusema uongo kuhusu gari, na mwaka ulioutaja ni sahihi. Tatizo ni kwamba jina la Bububu limeandikwa kitabuni kabla ya reli hiyo kuwekwa hata chuma kimoja. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ambaye baada ya kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo na kusimulia alivyokaa huko. Mambo anayoyasimulia yalitokea katika miaka ya mwanzo ya 1860, baada ya kushindwa kwa njama ya mwaka 1859 ya kumpindua kaka yake Seyyid Majid, aliyekuwa Sultani baada ya baba yao, njama ambayo yeye mwenyewe aliiandikia barua. Alitoka mjini akakaa shamba lake la Kizimbani, kisha akahamia Bububu karibu na bahari, na mwishowe akaiachia nyumba ile kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, jambo lililowaudhi baadhi ya ndugu zake kwa sababu walioomba iachwe ni upande wa Majid. Baina ya kukaa kwake huko na safari ya mwanzo ya gari la moshi kuna zaidi ya miaka 40. Jina haliwezi kuzaliwa na mlio ambao haujasikika.

Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwapo reli nyingine kabla ya hiyo ya Wamarekani. Ni kweli ilikuwapo. Seyyid Barghash, Sultani aliyemfuatia Majid, alijenga reli nyembamba mwaka 1879, mabehewa yake yakivutwa na nyumbu mpaka alipoagiza injini ndogo mwaka 1881. Lakini reli hiyo ilikwenda Chukwani, upande wa kusini wa mji, na haikufika kwetu.

Sasa nigusie swali la pili, kwa sababu nadhani majibu ya maswali yote mawili yameshikana. Angalieni majina ya ukanda huu mtaona yanasema jambo moja: Mtoni, Chemchem, Bububu. Kisiwa cha Unguja hakina mito mikubwa. Upande wa mashariki na kusini, ambako ardhi ni ya mawe na udongo ni haba, mvua huingia ndani ya mwamba na watu hutegemea visima na mapango. Upande huu wa magharibi una mwinuko wa Masingini, udongo wa kina, na vijito vinavyoteremka hadi baharini mwaka mzima. Aliyetaka kupanda mikarafuu, aliyetaka kujenga kasri lenye birika, na aliyetaka kupiga jembe la mpunga wote walivutwa na kitu kimoja.

Kasri la Mtoni lenyewe ni mfano. Pahala pale palikuwa pa Saleh bin Haramil, Mwarabu anayetajwa kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuleta mikarafuu Unguja, kabla ya Seyyid Said kumnyang'anya mashamba yake. Seyyid Said alijenga makaazi yake hapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, anaeleza kwamba nyumba iliitwa kwa jina la mto mdogo uliokuwa ukipita ndani yake, ukigawanywa katika mabirika mengi, kisha ukitoka nyuma ya kuta na kumwagika baharini. Anasema watu waliokuwa wakiishi katika uwanja ule walizidi 1,000. Naomba mwalimu uisome hesabu hiyo kwa jicho lako wewe. Familia ya mfalme haikuwa watu 1,000. Waliobaki ni wapishi, wachotaji maji, wafagizi, wapagazi na walezi, wengi wao watumwa, na mwandishi anawapita haraka kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofungwa. Majina yao hakuyaandika, lakini idadi aliyoitaja imewaacha wakionekana.

Na mto huo haukuwanywesha wa kasri peke yao. Meli za kigeni zilizotia nanga mbele ya mji zilikuwa zikija Mtoni kujaza mapipa ya maji ya safari, kwa kuwa visima vya mjini vilikuwa na chumvi na uchafu. Kwa hivyo kabla karafuu yetu haijajulikana Marekani, mabaharia wa Marekani walikuwa wamekwisha kuyaonja maji yetu.

---

Fundi wa Maneno amejibu:

Nitaongeza kidogo tu. Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Tuna kitenzi "kububujika", na maji yanayotoka ardhini kwa nguvu tunasema yanabubujika. Mzizi wake umejengwa juu ya mlio ule ule wa "bubu" ambao sikio lolote linausikia pahala penye chemchem. "Chemchem" nayo imeshikana na "kuchemka" kwa namna hiyo hiyo. Hivyo tunayo majina mawili ya jirani, Bububu na Chemchem, yote yakiiga maji yanayotoka ardhini, na ingekuwa ajabu kubwa moja liwe la maji na la pili liwe la chuma.

Hata hivyo sipendi hadithi ya gari ifutwe katika kijitabu. Jina la zamani linapokutana na kitu kipya chenye mlio unaofanana nalo, watu hulifasiri upya, na tafsiri hiyo nayo inakuwa sehemu ya historia yao.

---

Bibi wa Chemchem amejibu:

Mwanangu Mwalimu, nimesomewa maneno yenu na mjukuu wangu, na haya anayaandika yeye kwa kauli yangu.

Mimi nimezaliwa kando ya mto huo katika miaka ya mwisho ya 1940. Mfereji wa ndani ya nyumba hatukuujua. Mto ulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa na mtu, lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa akizijua. Juu kabisa, karibu na maji yanapotokea, ni pahala pa kuchota, na hapo hapatiwi mguu. Chini yake walikuwa wakifua wanawake, kila nyumba na jiwe lake, na jiwe lilirithiwa. Mimi jiwe langu lilikuwa la mama yangu, na kabla yake la shangazi yake. Chini zaidi walikoga wanaume baada ya alasiri, na chini ya hapo ng'ombe. Mtu akikosea akafua pa kuchota, hakupelekwa kwa sheha wala kwa polisi. Alikuwa akisemwa msibani na harusini mpaka anaona haya mwenyewe.

Bonde lilikuwa la mpunga. Mvua za masika zikikaribia kila mtu alikuwa na kipande chake, na mipaka ilikuwa ni tuta na mgomba. Mpunga ukishaanza kutoa suke, sisi watoto tulikuwa tukipanda madungu kuamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi, na skuli ikawa tunaisikia kwa jina. Huko chini, mto unapokutana na bahari, wanawake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye matope kwa miezi, kisha wakiyapiga kutoa usumba wa kusokotea kamba. Harufu yake mtu wa mjini hawezi kuivumilia, lakini kwetu ilikuwa harufu ya pesa ya sikukuu.

Kuhusu ardhi nitasema wazi, kwa sababu vijana wanadhani kila mzee alikuwa na shamba. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Nyumba yetu ilisimama katika shamba la mtu mwingine. Tuliruhusiwa kulima muhogo na kunde chini ya miti, na badala yake tulipalilia shamba lake, lakini mti wa kudumu hatukuruhusiwa kupanda hata mmoja, maana aliyepanda mti alikuwa kama amedai ardhi. Mama alikuwa na mlimau ndani ya kopo mlangoni kwa miaka mingi, kwa kuwa kopo halina mizizi katika shamba la mtu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ikawa ya serikali, na baba yangu akapewa eka tatu kama walivyopewa wengine. Siku ya mwanzo mama alichokifanya ni kuutoa ule mlimau katika kopo akauchimbia shimo.

---

Mkaazi wa Bondeni amejibu:

Bibi yangu, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako mara tatu, na nimegundua kwamba jiwe ninalokalia jioni kusahihishia madaftari huenda lilikuwa la mtu.

Naomba kuuliza zaidi. Ikiwa maji yalikuwa mengi kiasi hicho, kwa nini leo katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari, sehemu yetu ya mto inabaki kijito cha kuruka kwa hatua moja?

---

Fundi Mabomba Mstaafu amejibu:

Mwalimu, hilo linanihusu, maana nimefanya kazi ya maji kwa zaidi ya miaka 30.

Mji ulianza kuyanywa maji ya kijiji chenu zamani sana. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja, na Seyyid Barghash aliposhika utawala mwaka huo wa 1870 mji ulikuwa bado ukitegemea visima vifupi vilivyochanganyika na vyoo. Katika utawala wake, uliokwisha mwaka 1888, maji ya chemchem za upande wa Bububu yaliletwa mjini kwa mifereji na mabomba, na mabaki ya kuta za matao yaliyokuwa yakibeba maji bado yanaonekana kando ya barabara. Yalikuwa maji safi, yakigawiwa watu wa mjini bure, na hilo lilimpatia Barghash dua nyingi. Maji yalikwenda kwa kuteremka tu, bila ya mashine, kwa kuwa chemchem ziko juu kuliko mji. Kwa fundi kama mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko kasri lolote alilojenga, na alijenga mengi, likiwemo la Chuini ambalo moto uliliunguza mwaka 1914.

Tangu wakati huo mji haujaacha kuzitegemea chemchem za Mtoni na Bububu, na idadi ya watu imeongezeka mara nyingi. Maji yanayochukuliwa kwa pampu kabla hayajafika kwenye kijito hayawezi kupita tena mbele ya nyumba yako. Ongeza visima vya watu binafsi, na ongeza ujenzi wa nyumba juu ya miteremko iliyokuwa mashamba, ambako mvua iliyokuwa ikizama ardhini taratibu sasa inakimbia juu ya saruji na kumaliza safari yake baharini kwa saa moja. Ndiyo maana mto huohuo ambao Februari unauruka kwa hatua moja, Aprili unaingia jikoni. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu hii hii ya kulinda maji. Wanaokata kuni mule wanadhani wanaiba miti tu.

Wapelekeni watoto wakayaone yale matao. Wengi wao wanapita mbele yake kwa daladala kila siku na wanadhani ni ukuta wa shamba uliobomoka.

---

Msomaji wa Nyaraka amejibu:

Nakushukuru sana, Fundi, na kwa Bibi wa Chemchem sina la kuongeza juu ya ushahidi wake isipokuwa kumwomba asiache kusema.

Mwalimu, kwa upande wa karatasi, nenda Kilimani kwenye nyaraka za taifa. Humo utakuta hati za kuuziana na kuwekeana rehani mashamba, na mashamba hayo hutajwa kwa mipaka yake: upande wa kibla shamba la fulani, upande wa pwani mto. Kwa hivyo mto unatokea katika hati hizo kama jirani. Utakuta pia habari zinazotokana na amri ya mwaka 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa, wakati ambapo mtu alipaswa kwenda mahakamani kudai uhuru wake na bwana wake akalipwa fidia. Wengi walioachwa huru hawakuwa na pa kwenda, wakabaki kwenye mashamba yaleyale kwa masharti aliyoyaeleza Bibi: palilia, lima chini ya mti, usipande wa kwako. Kwa hivyo hadithi ya ule mlimau katika kopo ina umri wa miaka 67 hivi kabla ya kuchimbiwa shimo, na utaikuta katika karatasi ukijua unachokitafuta.

Usisahau pia dhoruba ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku ikiiacha Pemba salama. Ndiyo sababu mojawapo ya wingi wa minazi katika ukanda wenu, na ndiyo maana baba wa Bibi alikuwa mkwezi wa minazi. Angezaliwa Pemba, huenda tungekuwa tunazungumza juu ya mikarafuu.

---

Mjukuu wa Abiria amejibu:

Nimesoma yote, na nakiri kwamba juu ya jina nimeshindwa kwa hoja ya mwaka 1886. Nitalieleza hilo nyumbani, ingawa sitarajii kupokewa vizuri.

Lakini naomba gari lenyewe lisitolewe katika kijitabu, kwa sababu nalo lilikuwa na watu wake. Serikali ililinunua mwaka 1911, na abiria wakaacha kubebwa mwaka 1922, wakati magari ya mafuta yalipokuwa yamekwisha shika barabara. Baada ya hapo njia ilitumika kwa miaka michache kubebea mawe ya ujenzi wa bandari. Babu yangu alikuwa akisema kwamba watu wa shamba walilipenda kwa jambo moja: mwanamke aliyekuwa akitoka alfajiri na pakacha la maembe kichwani, akifika sokoni jua limekwisha kali na maembe yameiva kupita kiasi, sasa alifika na umande wake. Mjini lilipita karibu sana na milango ya nyumba, hata watu walikuwa wakiwavuta watoto ndani likisikika. Na huko Bububu, alisema, dereva alikuwa akishuka kunywa maji ya mto kabla ya kugeuza injini.

---

Bibi wa Chemchem amejibu:

Hilo la dereva nami nililisikia kwa mama yangu. Dereva alikuwa akichota kwa kofia yake, na wanawake wakimkaripia kwa kuwa alichota pahala pa kufulia.

Mwalimu, walete watoto Jumamosi baada ya alasiri, si asubuhi, maana asubuhi nina kliniki. Waje na viatu vya kulowa. Nitawaonesha mawe, na ninayoyakumbuka wenyewe wake nitayataja moja moja. Yaliyobaki ni saba.